Sifuri ya Lola Pacing

Foleni ya kujiandikisha kupiga kura ilikuwa imeuzunguka ukumbi wa michezo wa chuo, mjini Iloilo, na mkia wake ulikuwa karibu kukutana na kichwa. Jessabel Magbanua alikuwa humo tangu asubuhi, kitambulisho kikining'inia kifuani, na sasa alikuwa anakaribia mlango. Hapo ndipo simu yake ilipolia.

Namba ilikuwa ya jirani yao wa kijijini Igbayo, ng'ambo ya milima. Namba ile ikipiga, ama kuna msiba ama ni bibi yake ameazima simu.

"Inday," sauti ikasema. Kwao wanamwita hivyo binti yeyote wanayempenda, na pia binti yeyote wanayetaka kumtuma. "Umeshaandikishwa?"

"Bado kidogo, Lola. Nimefika mlangoni."

"Basi toka."

"Nitoke wapi tena?"

"Kwenye hiyo foleni. Njoo ujiandikishe huku nyumbani. Nayahitaji macho yako."

"Unaumwa, Lola?"

"Ningekuwa naumwa ningemwita daktari. Njoo."

Simu ikakatika. Lola Pacing, yaani bibi Pacing, hakuwa na mazoea ya kuaga kwenye simu ya mtu.

Honeylyn, mwenzake wa chumba, alikuwa nyuma yake kwenye foleni na alikuwa amesikia yote. "Usiniambie unaondoka," akasema.

"Bibi ananiita."

"Anakuita ukajiandikishe kwa kina Kapitan wenu? Shoga, si wewe uliyetuambia kwamba kule watu hawapigi kura, wanapigiwa? Mwezi mzima tumegonga milango ya mabweni, wewe ndiye mwenye mdomo kuliko sisi wote, leo umefika mlangoni unageuka?"

"Ana macho mabovu, Honey. Hana mtu mwingine."

"Haya. Nenda ukamezwe."

Jessabel akatoka kwenye foleni huku watu wakimtazama, na nafasi yake ikazibwa kabla hajafika kwenye ngazi. Aibu ilimpanda hadi masikioni, kwa sababu Honeylyn alikuwa amesema kweli. Yeye mwenyewe alikuwa ameapa kwamba jina lake halitaandikwa Igbayo.

Sababu ilikuwa Ninang Doring. Huyu alikuwa mke wa Kapitan, mkubwa wa kijiji, na ndiye aliyemshika Jessabel mikononi siku ya ubatizo. Mtu aliyekushika ukimwagiwa maji yale ni mama yako wa pili, na mama habishiwi. Kila muhula ufadhili wa chuo ulidai barua ya Kapitan ya kuthibitisha kwamba familia haina uwezo, na kila muhula Ninang aliileta barua mwenyewe, imeshatiwa sahihi, pamoja na kifurushi cha wali wa nazi uliofungwa kwenye majani. Hakuwahi kumsimanga. Lakini siku za uchaguzi alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Mnajua wenyewe," nao walijua wenyewe. Jessabel alitaka kupiga kura mahali ambapo hakuna aliyewahi kumbeba.

Basi likavuka milima. Alipofika nyumbani, bibi yake alikuwa amekaa karibu na meko akisuka mkeka, vidole vikitembea vyenyewe. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe miaka mingi. Jessabel akapiga goti, akauchukua mkono wake, akaugusisha kwenye paji la uso wake kuomba baraka.

"Umekonda," bibi akasema, kwa kuugusa uso tu. "Kula kwanza."

Alikula wali na samaki mkavu, na kahawa ya mchele uliokaangwa. Bibi alingoja hadi sahani iwe tupu.

"Uchaguzi uliopita," akaanza, "nani alinishika mkono kwenye kituo?"

"Ninang."

"Na wa kabla ya huo?"

"Ninang pia. Si ndiye anayekusaidia siku zote?"

"Haya. Sasa sikiliza. Tulipokaa nikamwambia, Doring, hapo kwenye naibu meya nipakie wino duara la Tomas Ledesma. Akaniambia, ndiyo, Nanay, kama mtoto anavyomwambia mama. Nikaisikia kalamu inapaka. Nikatoka, nikapakwa wino kwenye kidole, nikawa mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama. Jioni wakabandika matokeo kwenye mlango wa shule, vijana wakawa wanayasoma kwa sauti. Walipofika kwa Tomas wakaangua kicheko. Igbayo, Tomas Ledesma, sifuri." Vidole vyake vikasimama juu ya mkeka. "Mimi nilikuwa palepale kwenye benchi, Inday. Ile sifuri ilikuwa yangu."

Jessabel akamwona moyoni bibi yake kwenye lile benchi, amekaa wima, watu wakicheka mbele ya uso wake, naye hawezi hata kugeuka aone ni nani anayecheka.

"Umekaa na jambo hili muda wote huu?"

"Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa mtoto. Na Doring ni mtu mwema kwetu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ndiyo uliyo nayo, utaivua uende uchi?"

"Basi kesho tunakwenda ofisini mjini. Nitajiandikisha huku, na tutawaambia waandike mimi ndiye nitakayekusaidia. Siku ya kura nitakuwa hapa."

"Ndiyo maana nimekuita."

Lingeishia hapo lingekuwa jambo jepesi. Lakini bibi hakuendelea kusuka. Aligeuza uso wake kuelekea mahali ambapo mjukuu wake alikuwa anapumua.

"Tomas anagombea tena," akasema.

"Nimesikia. Na anayeshindana naye ni Dokta Emil tena."

"Nikikutajia Tomas, utampaka Tomas?"

Jessabel akaiweka sahani chini. Tomas Ledesma alikuwa mzee wa kupiganisha majogoo, na malori yake ndiyo yaliyokuwa yanachimba mchanga wa mto wao. Ukingo wa mto ulikuwa umekwisha kuanguka upande wa chini, na mashamba mawili ya mpunga yalikuwa yamekwenda na maji. Chuoni Jessabel alikuwa ameandika mabango juu ya watu wa aina hiyo. Dokta Emil alikuwa kaka yake Ninang, ni kweli, lakini alikuwa anatibu watu hata wanaomlipa kwa kuku, na ndiye peke yake aliyethubutu kusimama mbele ya malori yale.

"Lola, Tomas anaula mto. Siku moja nyumba hii itaamkia baharini."

"Najua."

"Na Dokta Emil?"

"Kijana mzuri. Nampenda sana."

"Sasa?"

"Babu yako tumbo lilipompasukia ndani, mto ulikuwa umefurika, na hakuna mtu aliyetaka kuvuka. Tomas akamweka mgongoni. Maji yakamfika kidevuni. Babu yako akafa ng'ambo, lakini alifia kitandani, mkavu, padri amekaa pembeni. Hakufia kwenye matope kama mbwa."

"Hiyo ni sababu ya kumchinjia jogoo, Lola. Siyo sababu ya kumpa mji."

"Ni sababu yangu. Sikukuuliza kama ni nzuri." Bibi hakupandisha sauti. "Nimekuuliza utampaka au hutampaka. Usinijibu sasa hivi. Ila usije ukaniambia ndiyo ile aliyoniambia Doring."

Jessabel alitoka nje kuosha vyombo. Alisugua sahani moja hadi ikalia. Bibi yake hangeona, wala mtu mwingine hangejua. Kalamu ingesikika inapaka, na sauti ya kalamu ni ileile popote inapopaka. Kisha akagundua anawaza nini, akaiacha sahani izame ndani ya maji. Ninang Doring naye lazima alianzia hapa hapa, akawaza. Hakuna anayeamka asubuhi akasema leo nitamwibia kipofu.

Asubuhi honi ililia barabarani. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha, na Ninang Doring alikuwa anazunguka na gari la Kapitan akiwachukua wote ambao hawajajiandikisha. Alishuka, mnene na mwenye marashi, bangili zake zikigongana, akamkuta Jessabel mlangoni.

"Nani huyu? Msomi wetu?" akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. Jessabel akauinamia mkono wake, akaugusisha kwenye paji la uso. "Mungu akubariki, mwanangu. Mbona mwembamba hivi, huko mjini wanakulisha vitabu?"

"Nimekuja kujiandikisha, Ninang."

"Sikuwaambieni? Wengine wakipelekwa chuo wanasahau hata njia ya choo cha nyumbani. Huyu wangu karudi. Panda, panda. Na Nanay Pacing je, na wewe unataka kutembea?"

"Nataka kunyoosha karatasi zangu," bibi akasema.

"Zina nini?"

"Zimepinda."

Ninang akacheka. Akamshika bibi mkono kwa upole, akamkalisha mbele, mahali pazuri, akamwekea hata mto mgongoni. Jessabel aliyaona yote hayo na moyo ukamuuma. Ingekuwa rahisi kama mwanamke yule angekuwa mbaya.

Ofisini kulikuwa na joto, na feni ilikuwa inazunguka kwa uvivu. Mwandikishaji alikuwa dada wa makamo, mwenye miwani, aliyekuwa ameshachoka kabla ya siku kuanza. Bibi akakalishwa kwenye kiti mbele yake. Ninang akasimama upande mmoja, Jessabel upande wa pili.

"Lola, hapa kumbukumbu inasema huoni," mwandikishaji akasema. "Siku ya kura unasaidiwa na nani?"

"Mimi," Ninang akajibu. "Andika mimi, kama kawaida."

"Nimemuuliza yeye, dada."

"Yeye na mimi ni kitu kimoja."

Mwandikishaji hakuandika. Alingoja, kalamu juu. Watu wa Igbayo waliokuja na gari walikuwa nyuma yao kwenye viti, na mazungumzo yao yakaanza kupungua moja baada ya jingine. Bibi akaweka mkono wake juu ya meza, akaupapasa ubao kama anatafuta kitu alichokiweka hapo zamani.

"Inday yuko wapi?" akauliza.

"Nipo, Lola."

"Nilikuuliza neno jana."

Jessabel alihisi macho ya Ninang kwenye shavu lake. Alimwaza Dokta Emil mbele ya malori. Aliuwaza mto. Alikiwaza kile kicheko kwenye mlango wa shule.

"Nitapaka utakachosema," akasema.

"Chochote?"

"Chochote, Lola."

"Basi andika, mwanangu," bibi akamwambia mwandikishaji. "Jessabel Magbanua. Mjukuu wangu. Doring amenishika mkono miaka mingi, apumzike."

Mwandikishaji akaandika. Kisha akamtazama Jessabel juu ya miwani. "Siku hiyo utaapa. Unajaza kama ulivyoambiwa, huongezi, hupunguzi, na hutoki nje kwenda kusimulia. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Ninang Doring alikuwa bado ametabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki midomoni tu. Akamgusa Jessabel bega. "Njoo hapa kidogo."

Wakasimama kwenye ukumbi mwembamba nje ya mlango, hatua chache tu kutoka kwenye kiti cha bibi.

"Nimekukosea nini, Inday?"

"Mimi hujanikosea, Ninang. Lola alikutajia Tomas."

Alidhani atakana. Hakukana. Alitoa leso akajifuta shingo.

"Alinitajia Tomas," akasema. "Mimi nikampaka kaka yangu. Ungetaka nifanyeje? Mama wa watu anakaa ukingoni mwa mto, halafu nimpe kalamu mtu anayeula huo mto? Nilimfanyia wema. Na nikuambie kitu kingine. Wewe utafanya hivyohivyo."

"Sitafanya."

"Utafanya. Nakujua, nimekubeba. Wewe na Tomas hampikiki chungu kimoja. Utakaa pale na karatasi, bibi yako atataja jina la yule mwizi wa mchanga, na mkono wako wenyewe utakataa. Hapo ndipo utanikumbuka. Tofauti yako na yangu itakuwa kwamba wewe umesoma."

Maneno yale yalimwingia Jessabel barabara, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshayatandikia mahali moyoni.

"Huenda mkono utakataa," akasema polepole. "Lakini nitampaka Tomas. Nitampaka huku nalia, Ninang, lakini nitampaka. Kura si yangu."

Ninang akaikunja leso. "Fadhila za punda," akasema, na methali yenyewe hakuimaliza. Hakukuwa na haja. "Barua ya muhula ujao utakuja kuiomba ofisini kwa Kapitan, upange mstari kama wengine."

"Nitapanga, Ninang."

Jessabel akainama, akanyoosha mkono kuupokea wa Ninang, kama alivyofanya kila walipoachana tangu alipojua kutembea. Mkono wa Ninang uliinuka nusu, kwa mazoea. Kisha ukarudi nyuma. Bangili ziligongana, halafu zikanyamaza.

"Nimechoka kubariki," Ninang akasema, akashuka ngazi. Baada ya muda gari likawashwa. Wale waliokuwa wameshamaliza wakaondoka nalo, wakipita karibu na Jessabel bila kumwangalia, na mmoja wao, jirani mwenye simu, akakohoa kama mtu aliyetaka kusema pole akaghairi.

Jessabel alirudi mezani. Ilikuwa zamu yake. Akatoa kitambulisho cha chuo, akabonyeza vidole kwenye kioo kidogo cha kuchukua alama, akapigwa picha macho yakiwa mekundu.

"Unasoma Iloilo," mwandikishaji akasema. "Ungejiandikisha hukohuko. Wanafunzi wengi wanafanya hivyo. Ukiwahi basi la sasa hivi, bado una nafasi ya kuamua."

Jessabel alimkumbuka Honeylyn na lile pengo la foleni lililozibwa. Aliwaza angekuwa huko sasa, anakunywa soda kivulini na wenzake, hana deni la salamu na mtu yeyote.

"Anwani ni Igbayo," akajibu, akatia sahihi.

Walikaa nje kwenye ngazi, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, wakingoja pikipiki yenye kigari itakayowarudisha. Bibi alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Alikupa mkono?" bibi akauliza.

"Alinipa."

"Mwongo wewe. Nilizisikia bangili zikirudi nyuma."

Hapo machozi yaliyokuwa yamezuiwa tangu ndani yakamtoka Jessabel. Alilia kama mtoto, kichwa kwenye magoti, kwa ajili ya mama yake wa ubatizo, ambaye alikuwa amempenda na bado anampenda, na ambaye hangemletea tena wali wa nazi kwenye majani. Bibi hakumwambia anyamaze. Alimwacha alie mpaka atosheke, kisha akaupapasa uso wake, akapata paji, akaweka kiganja chake hapo, kikavu na chenye sugu za ukindu, akakiacha.

"Mungu akubariki," akasema. "Wangu haujachoka."

Jessabel akajifuta kwa pindo la fulana. Ilibidi aseme na lile lingine. Asingeweza kulibeba hadi siku ya kura.

"Lola, mimi kura yangu nitampa Dokta Emil."

"Nilijua."

"Kwa hiyo nitampaka Tomas kwako, halafu nitakwenda pembeni nimpake Emil kwangu. Yako na yangu zitafutana. Nimetoka kwenye foleni, nimegombana na Ninang, tumevunja yote haya, na mwisho wake ni kama hatukwenda."

Pikipiki ilikuwa inakuja kutoka upande wa soko. Bibi aliisikia kabla yake, akasimama, akajinyoosha nguo, akashika mkono wa mjukuu wake.

"Zifutane," akasema. "Mradi zote mbili zihesabiwe."